Barua kwa Mama Baraka kuhusu Mo Ibrahim na chai ya kibali

Kisumu

Mama Baraka mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, nawe umfikishie Baba Baraka na watoto. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimesoma kwa makini ujumbe wako unaoeleza jinsi kibali cha kupitisha waya za intaneti kando ya barabara kuelekea Lanet kilivyokwama, na jinsi yule bwana wa ofisini alivyokuambia kwa upole kwamba faili haitembei yenyewe. Umeniuliza, kama mhasibu na kama rafiki, iwapo utoe hiyo chai kazi iendelee. Ninakusihi usitoe, na ili usidhani ninakuhubiria tu, nitakueleza habari za mtu aliyefanya kazi ya mitandao kama yako katika mazingira magumu kuliko ya Nakuru.

Mo Ibrahim alizaliwa Sudan mwaka 1946 katika familia ya Wanubi, akasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Alexandria nchini Misri, akafanya kazi katika shirika la simu la Sudan, kisha akaenda Uingereza, ambako alipata shahada ya uzamivu katika mawasiliano ya simu za mkononi wakati watu wengi walikuwa hawajaiona simu hiyo kwa macho. Alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, kampuni ya simu za mkononi iliyohusiana na British Telecom, lakini mwaka 1989 aliacha kazi hiyo na kuanzisha MSI, kampuni iliyowasanifia wengine mitandao yao. Wafanyakazi walimiliki takriban asilimia 30 ya hisa, kwa hiyo kampuni ya Marconi ya Uingereza ilipoinunua mwaka 2000 kwa zaidi ya dola milioni 900, nao walipata haki yao. Hilo la hisa ulitafakari siku nyingine, kwa ajili ya vijana wako wanaopanda nguzo juani.

Mwaka 1998 aliingia Afrika na kampuni iliyokuja kuitwa Celtel. Mwenyewe husimulia kwamba alipomweleza mkubwa mmoja wa kampuni ya simu kuhusu leseni iliyokuwa ikitolewa Uganda, bwana huyo alikataa kwa sababu alidhani Idi Amin bado anatawala, ilhali Amin alikuwa amekwisha kupinduliwa tangu mwaka 1979. Sisi tunaoishi karibu na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tunaona uchungu tukisikia hivyo, maana tunajua ni biashara kiasi gani inayovuka mpaka ule kila alfajiri. Benki nazo ziliogopa kumkopesha, hivyo sehemu kubwa ya mtaji ilitoka kwa wanahisa. Nchini Kongo, palipokosekana barabara, vifaa vya minara vilisafirishwa kwa helikopta.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Ibrahim alijua tangu mwanzo kwamba mameneja wake wangeombwa hongo na watu wenye nguvu, katika nchi ambazo meneja mmoja hana pa kukimbilia. Hakuwaachia wapambane kwa ujasiri wao peke yao. Aliweka kanuni kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 lazima yaidhinishwe na bodi ya wakurugenzi. Fikiri kanuni hiyo ilimfanyia nini meneja aliyeketi mbele ya mkubwa anayedai chake. Angeweza kujibu kwa adabu, na bila kusema uongo, kwamba hana mamlaka ya kulipa, kwamba ombi litapelekwa kwenye kikao, litajadiliwa na kuandikwa katika kumbukumbu pamoja na jina la mlipwaji na sababu ya malipo. Mimi niliyezoea kushika vitabu vya hesabu naamini kwamba hongo inapenda sana kutokuwa na jina, na ukiidai jina na sababu mara nyingi huondoka yenyewe.

Kampuni haikufa kwa kukataa. Iliingia Kenya mwaka 2004 kwa kununua sehemu kubwa ya kampuni ya simu ya Kencell, ile ambayo baadaye ikawa Zain na leo ni Airtel. Mwaka 2006 ikaunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mtandao mmoja, mteja akapiga simu kwa bei ya nchi aliyomo na kupokea bila malipo. Kabla ya hapo, mama muuza omena akivuka Busia alilazimika kufungua simu pale pale barabarani, atoe laini ya Kenya, aikunje ndani ya kikaratasi na kuificha katika kibindo, kisha atie ya Uganda, na mteja wake wa Kisumu asimpate tena hadi jioni. Celtel yenyewe ilikuwa imeuzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4 kwa kampuni ya Kuwait.

Najua utasema kwamba Ibrahim alikuwa na fedha za kumwezesha kungoja, nawe una mkopo unaodai kila mwisho wa mwezi. Ni kweli, na sitaki kulipunguza jambo hilo. Ndiyo maana nashauri uanze na mtaa ambao wenye nyumba wamekubali waya zipite katika viwanja vyao, mapato yaanze kuingia huku kibali kikifuatiliwa.

Halafu turekebishe vitabu. Nilipovipitia, niliona safu ya "mengineyo" katika daftari la fedha ndogo, na hundi zinatiwa saini na wewe peke yako. Mwenye kutaka chai anaiona nafasi hiyo hata kabla hujaketi. Hundi ziwe na saini mbili, malipo kwa ofisi ya umma yapitie benki na yapate risiti rasmi, na yanayozidi kiwango mtakachokubaliana yaamuliwe na washirika wote kwa maandishi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na inazitaka kampuni ziwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake, kwa hiyo hata kampuni ndogo kama yako haijasahauliwa.

Kwa yule bwana, usimpigie simu tena. Iandikie ofisi yake barua, utaje tarehe uliyowasilisha ombi na ada uliyolipa, na uombe uamuzi pamoja na sababu kwa maandishi kama Kifungu cha 47 cha Katiba kinavyokupa haki. Nakala ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Akidai tena, andika siku, saa na maneno yake, tuyapeleke kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Nitumie rasimu ya barua hiyo kabla ya Ijumaa niipitie, pamoja na fomu za benki za kuongeza mtia saini wa pili. Ukikubali niwe huyo wa pili kwa muda, nitapanda matatu nije Nakuru tuzijaze pamoja.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Neema