Mwanangu, Ufunguo wa Pili Uko kwa Nani?

Mkomani, Lamu
Jumapili, baada ya Isha

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la babako, na hilo walijua. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu sauti ninazokutumia kwenye WhatsApp nazikuta zimetiwa alama mbili za buluu, kisha kimya, au kile kidole gumba cha manjano. Nataka usome mpaka mwisho, ukae chini, usisome ukiwa wapanda matatu.

Jana nilikwenda Langoni kumjulia hali yule kijana aliyekuwa akifanya kazi huko huko Nairobi. Jina silitaji, utamjua mwenyewe. Amerudishwa kwao wiki iliyopita, amelazwa kwenye kitanda cha kamba cha bibi yake, paja limetiwa chuma. Aliteleza bafuni Ijumaa jioni, akapatikana Jumapili adhuhuri. Muda wote huo yuko chini sakafuni, anakunywa maji ya ndoo kwa kopo. Simu ilikuwa kitandani, inachajiwa. Aniambia, "Mama, nilikuwa naisikia inalia. Nikaihesabu. Ilipofika mara ya kumi na moja nikaacha." Aliyekuwa akipiga ni mamake. Alikuwa akigonga ukuta kwa lile kopo, na jirani wa upande wa pili amemsikia, lakini alidhani ni mafundi. Kuja kutahamaki watu, geti la chuma limetiwa kufuli kwa ndani, bawabu hana ufunguo, mwenye nyumba hapatikani. Likakatwa kwa msumeno.

Nimemkuta mamake anamlisha uji kwa kijiko. Mtu mzima, miaka thelathini na moja, midomo bado ina magamba, na kila kijiko kikishuka mamake hamwondolei macho. Nilirudi nyumbani nikaswali Alasiri mara mbili, sikumbuki ya kwanza niliswali rakaa ngapi.

Basi nakuuliza, mwanangu. Ufunguo wako wa pili uko kwa nani?

Najua jawabu lako. Uliniambia kazini kuna orodha ya zamu, mtu asipofika anapigiwa simu. Na yule alipigiwa. Simu haifungui mlango. Na zile siku zako tatu nne za mapumziko, baada ya zamu za usiku, unapofunga pazia ukalala mchana kutwa, nani anajua kama umelala au umezimia? Orodha ya kazini itakutafuta siku ya tano.

Si kwamba nataka unipigie mimi kila siku. Ningependa, lakini silo nililoandikia barua. Mimi niko kisiwani. Nikipata habari yako saa tatu usiku, mashua ya kunivusha Mokowe ni mpaka kupambazuke, kisha gari, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, ndipo nitafute la Nairobi. Na ndege ya Manda ni ya wenye nazo. Nikifika nitafika kulia tu. Nataka mtu aliye hatua ishirini kutoka mlangoni kwako. Mmoja. Mwanamke, mwenye heshima zake, awe dini yoyote, kabila lolote, mradi anajua saa zako za kutoka na kuingia, na akiona viatu vyako havijasogea atabisha hodi.

Mwaka wa tatu huu uko kwenye jengo hilo. Nilikuuliza wakati wa Idi jirani yako wa mlango unaotazamana nawe ni nani, ukanambia, "Kuna mama mmoja ana watoto wawili." Anaitwa nani? Hujui. Anatoka wapi? Hujui. Mwanangu, miaka mitatu! Habari za sahani za chakula tulizokuwa tukipelekeana na jirani kupitia wikio, kile kivuko cha juu cha nyumba hadi nyumba, sina haja ya kukukumbusha, maana mchukuzi wa hizo sahani ulikuwa wewe.

Usinielewe vibaya. Pale kwa mgonjwa nilikaa nikanyamaza, lakini mamake alipouliza kile chuma kitatolewa lini, ni mimi niliyesema, "Ngojeni nimuulize binti yangu, yeye yuko chumba cha upasuaji, kazi yake ndiyo hiyo." Wakanyamaza wote kunisikiliza. Usiku ule ule ulinijibu, na ulieleza vizuri, na nimewapelekea. Kwa mgonjwa wa watu ulijibu kwa dakika mbili. Nikikuuliza habari zako mwenyewe, nangoja mpaka Ijumaa.

Nalijua na jambo jingine linalofanya iwe Ijumaa tu, dakika nne. Siku ya harusi ya mtoto wa mamako mdogo, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, watu zaidi ya mia wanangoja biriani, na wewe unapiga simu kusema ruhusa imekataliwa. Neno lile la kukaa huko huko na wagonjwa wako lilinitoka na mwiko mkononi. Joto lilikuwa kali sana siku ile. Sikusudii kulirudia.

Nimekuwa nikifikiri habari ya pesa unazotuma. Allah akuzidishie, zinafika, na hakuna mwezi uliochelewa. Lakini kabla ya hii M-Pesa kuja mwaka 2007, mtu akiwa Mombasa au Nairobi humpa pesa msafiri, na msafiri akifika Lamu hapokewi mfuko akaachwa aende. Hukalishwa, akatiliwa kahawa, akaulizwa: amekonda? anakaa na nani? nguo alizovaa zi safi? Pesa zilikuja na macho. Sasa zaja na ujumbe na salio, na mimi nasoma ule ujumbe mara tatu kana kwamba mna humo habari ya mwanangu. Ukiniuliza nini kimenipunguzia usingizi tangu uende Nairobi, ni hilo.

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Hadithi ya kuzaliwa kwako unaijua, ule mwaka 1997, mvua za El Niño, babako amekuja Lamu kwenye maziko, njia ya Garsen ikakatika kwa maji, akakwama huku na mimi niko Mombasa peke yangu. Aliyenipeleka hospitali hukuambiwa. Ni mama wa mlango wa pili, Mtaita, alikuwa akiuza mboga sokoni Kongowea. Mimi nilikuwa bi harusi mgeni, nimetoka Lamu na kiburi changu cha Mkomani, hata salamu yake nilikuwa nikiijibu nusu. Yeye ndiye aliyezoea kuja, mara aombe chumvi, mara alete mchicha uliobaki. Mimi nikiona ananisumbua. Usiku ule, saa saba, mvua kama inamwagwa kwa debe, alisikia kupitia ukutani. Hakudhani ni mafundi. Alikuja na taa ya chemli, akamwamsha mwanamume mwenye mkokoteni, nikalazwa juu ya magunia yake ya sukuma, akatembea kando yangu na mwavuli mpaka barabara kubwa tukapata gari. Alikuwa amevaa kandambili, moja imekatika, ameifunga kwa uzi wa gunia. Nilitazama ile kandambili njia nzima kwa sababu sikuweza kutazama kitu kingine.

Tulipohamia Lamu nilimwahidi nitampelekea achari ya embe. Wewe una miaka miwili. Nikafika, nikashughulika, nyumba ya kutengeneza, bibi yako mgonjwa, kisha nduguyo akazaliwa. Mwaka ukawa miaka. Nilipokwenda Mombasa kumtafuta, ile nyumba ya vyumba imevunjwa, pamejengwa ghorofa. Nilisimama nikauliza dukani. Mwenye duka akaniuliza jina lake, na jina sikuwa nalo. Tulikuwa tukimwita kwa jina la mwanawe.

Kwa hivyo usiniambie una shughuli nyingi. Nazijua shughuli.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025, babako aliisikia redioni, kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unaua watu kama maradhi mengine. Wewe ni muuguzi, hilo walijua kunishinda. Sisi tulilisikia kwa njia nyingine: Mtume, sala na amani zimshukie, alimwambia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji yake, awaangalie majirani zake. Maji, mwanangu. Hakusema nyama. Kama umechoka, ukipika chai ongeza kikombe kimoja.

Somo yako amekuja kutoka Faza juzi na mtoto wa pili. Alikaa mpaka Magharibi. Hakulalamika, yeye si mtu wa lawama, ila aliuliza kama umebadilisha nambari. Nikamwambia hapana, kazi. Akasema, "Haya, mama, msalimie." Alipokuwa akivaa buibui alinionyesha picha yenu ya siku ya kuhitimu chuo, bado anayo kwenye simu. Mpigie yeye kabla hujanipigia mimi. Sina haja ya kujua mtazungumza nini.

Nawe utasema, mama, si ulikuwa ukinitoa barazani ukinambia marafiki hawatanipa cheti? Nilisema. Na cheti ukakipata, kimetundikwa pale juu ya kidaka, nakipangusa kila Alhamisi. Huenda zile nyimbo za mikesha miwili mitatu ya harusi zisingekipunguza. Nilikuwa naogopa utabaki hapa kama mimi. Sikujua kuna kuondoka hivi.

Kwa hivyo fanya hili, wiki hii, usingoje mwezi wa mapumziko. Chonga ufunguo wa pili, wa mlango na wa kufuli la geti, maana moja bila ya lingine halisaidii. Mpe yule mama wa mlango unaotazamana nawe, kama umemwona ni mtu wa kuaminika. Mwandikie nambari yangu na ya mjomba wako wa Mombasa kwenye karatasi, si kwenye simu. Na usilale na simu mbali ukienda bafuni. Hili la mwisho babako ndiye aliyesisitiza, mimi naona aibu kuliandika.

Ruhusa ya Maulidi omba mapema. Zafa, yale maandamano ya msikiti wa Riyadha, haingoji mtu, na mwaka jana ulisema uliomba wiki mbili kabla ukakuta wenzio washatangulia. Mfungo Sita, mwezi wenyewe wa Maulidi, hauko mbali. Ukija, lete zile dawa za macho za shangazi yako, karatasi ya daktari nimeitia ndani ya mkoba huu.

Nyumba haijambo. Fundi amepanda juu, amesema boriti mbili za chumba cha bibi zimeliwa na mchwa, azibadilishe kabla ya mvua za vuli. Nimemwambia angoje. Upepo wa kusi umekaza, wavuvi hawatoki, samaki changu mmoja sasa bei yake ni ya kula siku mbili, tunakula mbaazi. Paka amezaa kwenye sanduku lako la vitabu, nimewaacha. Nduguyo ameanza vibarua bandarini Kililana, anarudi mwekundu kwa vumbi lakini anarudi. Goti la babako nalikanda kwa mafuta ya simsim, anasema linampa nafuu, naona anasema ili nifurahi.

Mzigo utavuka kesho alfajiri, nimekwisha mkabidhi mtu wa gari, na mjomba wako atakupandishia la Nairobi. Ndani mna vileja, kanga mbili, na mikebe miwili ya achari, ya embe, niliianika mwenyewe juu ya sakafu siku nne. Mkebe usio na uzi ni wako. Uliofungwa uzi mwekundu si wako, usiufungue hata kuonja. Ni wa huyo mama. Mpelekee kwa mkono, usimwachie bawabu, na usisimame mlangoni, akikukaribisha ingia ukae.

Ukitoka kwake niandikie jina lake. Lake mwenyewe, si la mtoto wake.

Mamako