Barua kwa Mwanangu: Hayo Maumivu ya Muundi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Kwamba muundi wa kulia unakuuma tangu uanze kukimbia, hilo halikunishtua sana. Kilichonishtua ni kwamba unameza dawa ya maumivu kisha ndiyo unaenda kukimbia. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza.

Kaa chini, upapase muundi kwa kidole kimoja toka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Maumivu yakiwa yametanda sehemu ndefu, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa vilivyochoka. Yakiwa mahali pamoja tu, padogo kama ncha ya kidole, na ukirukaruka kwa mguu huo yanachoma, huenda mfupa umepata ufa mdogo. Mfupa ni kitu hai: kuna seli zinazobomoa palipochakaa na nyingine zinazojenga upya. Ukiongeza mbio ghafla, ubomoaji unautangulia ujenzi. Ufa wa namna hiyo unaweza usionekane kwenye eksirei wiki za mwanzo, kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi na bado unaumia, rudi kwa daktari.

Halafu nijibu bila haya: hedhi yako inakuja kwa wakati? Msichana anayejikimbiza sana huku anakula kidogo, homoni ya estrojeni hushuka, hedhi ikakatika, na mifupa ikadhoofika angali kijana. Watu wanapongeza wembamba wake tu.

Maumivu mengine ya mifupa hayangoji. Homa pamoja na uvimbe na joto juu ya mfupa ni dalili ya maambukizi, nayo yanataka antibayotiki mapema. Maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umelala tu, au yanayokuja na kukonda, lazima yachunguzwe, maana saratani ya matiti, ya tezi dume au ya mapafu huweza kusambaa hadi mifupani. Wenye selimundu nao huumwa mifupa damu inapoziba kwenye mishipa midogo. Upungufu wa vitamini D ni wa polepole: nyonga na miguu kuuma, ngazi kuwa mlima. Udhaifu wa mifupa ya uzeeni, ambao kila mtu anausingizia, kwa kawaida hauumi kabisa mpaka mfupa uvunjike.

Sasa akiba. Mifupa hufikia uimara wake wa juu kabisa karibu na miaka 30, kwa hiyo bado una muda. Mtu mzima wa umri wako anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku; glasi ya maziwa ina takriban 300, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia sana. Vitamini D hutokana na jua zaidi kuliko chakula. Vidonge usianze kwa sababu rafiki anavitumia; pima kwanza. Sigara sitaji, unajua msimamo wangu.

Kuogelea kutakuweka sawa wakati mguu unapona, ingawa hakuimarishi mifupa kama kutembea au kunyanyua vitu vizito. Daktari akisema upumzike wiki 6, ni 6, si 3. Na hizo dawa, ziache leo.

Mama yako