Mzee uliyefufua 504 ya baba, asante sana

Peugeot 504 ya marehemu baba, zile zilishinda Safari Rally 1975 na 1978, imekaa hapa kwetu Nakuru miaka tisa bila kuwashwa na mafundi wawili washaniambia niuze skrepa. Jumamosi nikileta betri ya jirani niistati kwa nguvu, mzee mmoja alikuwa anapita akasimama getini, "Kijana ngoja, utavunja ringi za pistoni!"

Akafungua plagi zote nne, akamwaga oili kidogo kwa kila silinda akasema tuiache ilale hivyo. Na Jumapili akarudi kweli, ametoka kanisa na suti yake, akazungusha injini kwa spana pole pole, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ikaachilia. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, tukaimwaga yote, akafungua kabureta akapuliza jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, moja moja. Oili mpya, filta mpya. Ikakohoa mara mbili ikashika, na mama akatoka jikoni analia juu hiyo sauti anaijua.

Pesa alikataa, alikunywa chai tu, na jina sikushika. Mafundi, mkiona mtu analazimisha gari iliyokaa, simameni kama yeye. Na mzee ukipita tena, ingia, mama ameuliza mara tatu utakuja lini.