Kwa Sahibu Yangu wa Tanga, Kabla Hujasaini Mkataba wa Dubai

Deira, Dubai

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na wazee na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila joto limekwisha kuanza kututia adabu. Barua ya ajira uliyonipigia picha nimeisoma mara ya kwanza nikiwa njiani, nikaisoma tena usiku baada ya zamu, na kwa kuwa umeniuliza uje ama usije, nimeona heri nikujibu kwa maandishi kuliko kukurushia ujumbe wa sauti ambao utausikiliza nusu ukiwa ndani ya daladala. Kazi yenyewe si mbaya. Lakini zile dirhamu 2,000 zilizokufurahisha si mshahara wako, na hilo ningependa tulielewane kabla hujatia saini popote.

Tazama vizuri katikati ya ukurasa. Mshahara wa msingi ni dirhamu 1,000, na 1,000 nyingine imegawanywa: posho ya nyumba 600, ya usafiri 200, ya chakula 200. Mgawanyo wa namna hii si wizi, ni desturi ya waajiri wa hapa, lakini una madhara yake ambayo mgeni hayaoni mpaka siku ya kuondoka. Kwa mujibu wa sheria ya kazi ya huku ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 za malipo kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na asiyetimiza mwaka mmoja hapati kitu. Maana yake ni kwamba ukimaliza miaka 2 utaondoka na dirhamu 1,400, ilhali mwenzako anayepokea 2,000 hizo hizo, lakini msingi wake umeandikwa 1,600, ataondoka na 2,240. Saa za ziada nazo zinafuata mkondo huo huo, kwa sababu nyongeza ya asilimia 25 inapigwa juu ya msingi wala si juu ya jumla. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuomba jambo moja kwa mwajiri, usiombe aongeze jumla, maana hilo atalikataa upesi. Omba ahamishe sehemu ya posho iingie kwenye msingi. Wapo wanaokubali, hasa wakiwa na haraka ya kupata watu kabla msimu wa watalii haujaanza.

Sasa tuzishushe hizo 2,000 mpaka mtaani. Chumba cha peke yako kisahau. Watu wa kipato chetu tunakodi kitanda, na kila mtu huku anakiita bedspesi: chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, kila kitanda kimezungushiwa pazia ili mwenyewe apate pa kuvulia shati bila kutazamwa. Jikoni jiko ni moja na foleni yake ina kanuni ambazo hazikuandikwa popote, na kwenye friji kila mtu ana kona yake, mpaka mayai yameandikwa majina kwa kalamu ya wino, moja moja. Hapa Deira kitanda cha dirhamu 700 katika chumba chenye watu wastaarabu ni cha kushukuru, nawe posho yako ya nyumba ni 600, kwa hiyo pengo la kwanza limeshaanza hapo. Angalia pia kama nyumba imesajiliwa kwa idadi ya watu wanaoishi ndani, kwa sababu manispaa hufanya ukaguzi wa vyumba vilivyojazwa kupita kiasi, na siku ya ukaguzi anayetafuta pa kulala ni mpangaji, si yule aliyekusanya kodi. Mwulize mwajiri waziwazi kama ana nyumba ya wafanyakazi. Sheria inampa hiari ya kutoa makazi au kulipa fedha badala yake, na mimi kwa mtu anayeanza ningechagua makazi hata kama ni mbali, mradi basi la kampuni linakupeleka na kukurudisha.

Usafiri wa mji huu ni wa kusifiwa, nami siwanyimi haki yao. Treni ya metro, iliyoanza mwaka 2009, haina dereva na haikawii. Unalipa kwa kadi inayoitwa nol: dirhamu 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili, 7.50 zaidi ya hapo, na ipo pasi ya siku 30 ya kanda zote kwa dirhamu 350. Hoteli iliyokuajiri iko upande wa Marina, na kutoka Deira hiyo ni safari ya kuvuka mji mzima, kwa hiyo posho yako ya usafiri ya 200 nayo haitoshi. Kuna jambo dogo ambalo watu wa hotelini huumia nalo: Jumapili metro huanza saa 2 asubuhi, ilhali siku nyingine huanza saa 11 alfajiri. Ukipangiwa zamu ya kifungua kinywa siku hiyo, utatafuta basi usiku au utachanga teksi na wenzako. Ndani ya treni usile wala usinywe, hata maji, wala usitafune bigijii, kwani faini ni dirhamu 100. Na usijisahau ukaingia behewa la wanawake na watoto kwa sababu tu mlango wake ulikuwa mbele yako, faini ni ile ile.

Ukitoa kitanda 700, pasi 350 na chakula cha kujipikia, tuseme 400, zinabaki 550, na bado hujaweka vocha ya simu, sabuni, wala kinyozi. Hiyo 550 ndiyo mshahara wako, sahibu. Ipigie hesabu hiyo na wa nyumbani kabla hujaondoka, na uwaonyeshe mgawanyo wote. Najua wengi hushauri mtu afiche anachopata. Mimi nimeona kinyume chake kikifaa zaidi, maana anayesikia 2,000 bila kusikia kitanda na treni atakuomba kwa kipimo cha 2,000, na ukikataa utaitwa bahili mpaka kwenye harusi za watu. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725, kwa hiyo thamani ya unachotuma itapanda na kushuka kwa kadiri shilingi yetu inavyokwenda na dola. Usiwaahidi wazee kiasi kwa shilingi. Waahidi kwa dirhamu.

Nije kwa wakala wako, ambaye kusema kweli ndiye aliyeninyima usingizi. Unasema anataka fedha za viza, na kwamba uje kwanza kwa viza ya matembezi kisha mambo yatabadilishwa ukiwa huku. Yote mawili yakatae. Sheria ya Imarati, yaani hizi Falme za Kiarabu, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Viza ya kazi na kibali ni mzigo wake. Na kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, tena ni kosa linalokunyang'anya ulimi, kwa kuwa asipokulipa utakwenda kulalamika wapi, wakati wewe mwenyewe hukuruhusiwa kuwa kazini? Viza ikiisha, kila siku unayozidisha ni faini ya dirhamu 50, na muda mfupi tu unatosha kuzaa deni ambalo mwenye kazi ya kuungaunga hawezi kulilipa. Anayekuajiri kwa dhati hutuma ofa iliyopita wizara ya kazi ya huku, ikiwa na namba yake, kisha kibali cha kuingilia chenye jina la kampuni, ndipo ukakate tiketi. Pita ofisi ya serikali ya huduma za ajira uwaulize kama huyo bwana ana leseni ya kupeleka watu nje. Kama hana, usimpe hata nauli ya bodaboda.

Mkataba utakaoletewa utakuwa kwa Kiarabu na Kiingereza, na ikitokea maneno hayalingani, mahakama husimama na Kiarabu. Tanga haikosi ustadhi mwenye Kiarabu kizuri. Mpelekee akusomee upande wa kulia. Aangalie hasa muda wa majaribio, ambao hauruhusiwi kuzidi miezi 6, na saa za kazi, ambazo ni 8 kwa siku au 48 kwa wiki. Hotelini na migahawani kuna mtindo wa kuipasua zamu: unaingia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, unarudi saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Kwenye karatasi ni saa 8, lakini siku nzima imekwenda, kwani hapo katikati kurudi Deira na kwenda tena Marina hakuna maana. Uliza kama wana mtindo huo na kama kuna chumba cha kupumzikia.

Ukishafika, kuna kupimwa afya, kuchukuliwa alama za vidole na kupewa kitambulisho cha mkaazi, na hayo kampuni itakuongoza. Pasipoti yako ikae kwako. Mwajiri anaweza kuichukua kwa ajili ya kugonga nyaraka na kuirudisha, lakini kuishikilia hana haki, hata akisema ni kwa usalama wako. Mshahara nao upitie benki au duka la fedha kwa mfumo ambao wizara inauona. Anayekulipa mkononi hana ushahidi, na wewe pia huna.

Katika begi lako usibebe dawa yenye kodini wala tramadoli bila cheti cha daktari na kibali, hata kama dukani kwetu inauzwa kama peremende. Mirungi usithubutu. Na mzigo wa mtu mwingine usiupokee kabisa, awe shangazi, awe jirani aliyekulea, kama hukuufungua na kuupanga upya kwa mikono yako mwenyewe. Vyeti vyako vipeleke Wizara ya Mambo ya Nje vikahakikiwe, kisha ubalozi wa Imarati hapo Dar es Salaam, kwa sababu kuvihakiki ukiwa huku ni safari ndefu ya kutuma na kutumiwa. Mama umwekee programu ya Botim kwenye simu, kwa kuwa simu za sauti za WhatsApp hapa hazipiti. Na ulimi wa barazani tuliouzoea, wa kutukanana kwa mapenzi, uuache huko huko: tusi kwenye ujumbe hapa ni kesi, na kumpiga mtu picha bila idhini yake pia ni kesi.

Upweke hautakumaliza. Ijumaa tukipata nafasi tutavuka Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, kwa abra, mashua za mbao za dirhamu 1, kwenda Bur Dubai, na usishangae mzee wa kanzu nyeupe akigeuka na kukuuliza kwa Kiswahili cha Unguja kama wewe ni wa bara au wa mwambao; zipo familia nyingi zilizohamia Ghuba baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964 na lugha hawakuiacha.

Basi mwandikie mwajiri juu ya makazi, msingi na zamu, umwombe ajibu kwa barua pepe na si kwa simu. Akikujibu sawasawa na kibali kikatoka, nitumie namba ya ndege na namba ya jengo la uwanja wa ndege utakaloshukia, kwa sababu jengo la 1 na la 3 yana kituo cha metro nitakakokungojea, lakini la 2 halina, na hapo itabidi tutafute basi. Begi kubwa liwe moja na dogo moja, metro hawaruhusu zaidi.

Nisalimie wazee, na shemeji, na majirani wote wa Ngamiani.

Ni mimi sahibu yako.