Tuambiwe sampuli ya mto ilichukuliwa lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu vipimo vya maji ya mito. Kila inapotoka taarifa kwamba mto fulani ni salama, mimi hutafuta kwanza tarehe ya sampuli. Isipokuwapo, siiamini taarifa hiyo.

Metali nzito zenye sumu, kama risasi (madini, si ya bunduki), kadimiamu, zebaki na kromiamu, hazikai mtoni kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Kiangazi maji hupungua, lakini bomba la kiwanda humwaga kiasi kilekile, na sumu hukolea. Mvua zikianza tunadhani mto unaoshwa. Kumbe yale mafuriko ya kwanza huzoa vumbi la barabarani na mabaki ya migodi yaliyolala miezi mingi, kisha hutibua tope la chini. Baadaye mto hujaa, maji mengi huizimua sumu, kipimo hushuka. Atakayechota sampuli wiki hiyo ataandika habari njema.

Tope ndilo linalonitia hofu zaidi. Metali nzito haziozi. Hunata kwenye chembe laini za mfinyanzi na kutuama, hata maji yakawa maangavu juu ya ghala la sumu. Oksijeni ikiisha ndani ya tope, au maji yakizidi tindikali, sehemu ya sumu hiyo huachia na kurudi majini. Wadudu wa topeni huila, samaki huwala wadudu, nasi tunawala samaki. Na kuchemsha maji (nasikia wengi wakijifariji hivyo) huua vijidudu tu, risasi hubaki.

Japani waliyaona haya kwenye mto Jinzu. Kadimiamu ya mgodini ilishuka na maji hadi mashamba ya mpunga, watu wakavunjika mifupa kwa maumivu makali, na serikali ikakiri chanzo mwaka 1968. Kusafisha udongo wa mashamba yale kulikamilika 2012.

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na kadimiamu 3. Kwa hiyo mizani ipo. Ninachoomba kwa wanaosimamia mito ni wapime maji pamoja na tope, wakati wa kiangazi, mvua za kwanza zinaponyesha, na mto ukishajaa. Kisha watangaze majibu yote matatu, kila moja na tarehe yake.

Msomaji wako