Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: vidonge vya maumivu havitibu baridi yabisi

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kuhusu baridi yabisi, ile inayovimbisha vidole vya mikono yote miwili hadi mtu anashindwa kufungua chupa ya chai mpaka jua lipande. Dada yangu ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na kitu. (Magoti ya wazee yanayosagika ni habari nyingine.) Kila alikokwenda alipewa diklofenaki, kidonge cha maumivu, na kuambiwa aache maji ya baridi. Sasa vidole vimepinda, mkasi haushikiki.

Maji ya baridi hayana kosa. Chembe za kinga, zilizowekwa kupambana na vijidudu, ndizo zinazoshambulia utando wa ndani wa kiungo. Ziko za aina nyingi: seli T zinachochea, seli B zinatengeneza kingamwili dhidi ya mwili wenyewe, na makrofeji, zile zinazomeza vijidudu, zinamwaga kemikali kama TNF, inayozidi kuita chembe nyingine. Utando unanenepa, unatambaa juu ya gegedu, ule ute mgumu unaofunika ncha za mifupa, na kuila, kisha seli zinazomeng'enya mfupa nazo zinaamka. Diklofenaki inapunguza maumivu na uvimbe, lakini ulaji huo haiukomeshi. Na mfupa ukishalika, ndiyo basi.

Dawa ya kuzituliza chembe hizo ipo, tena ya siku nyingi: methotreksati. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa ugonjwa huu hutumiwa mara moja kwa wiki, pamoja na vitamini ya foliki asidi, huku damu na ini vikipimwa. Anayeimeza kila siku kwa kutoelekezwa anaweza kufa, kwa hiyo si ya kuuzwa kiholela. Sindano za kuzuia TNF, zilizotokana na kazi ya watafiti Feldmann na Maini kule London, sizidai leo. Ni ghali, halafu TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kukidhibiti kifua kikuu kilicholala, nasi tunakijua kifua kikuu.

Ninachoomba ni methotreksati na vipimo vyake katika kila hospitali ya wilaya, pamoja na mwongozo kwa matabibu: mgonjwa mwenye vidole vilivyovimba na kukakamaa kila asubuhi apewe rufaa ndani ya miezi ya mwanzo, kabla mifupa haijaguswa. Bajeti ya wizara yako itakaposomwa bungeni, tutakuwa tunasikiliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Kaka wa mgonjwa