Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Soka la Bulgaria: Leseni ya Lovech haikuwa mali ya kuhamishwa

Ndugu Georgi Ivanov,

Salamu kutoka Morogoro, Tanzania.

Nakuandikia kuhusu Litex ya Lovech. Ofisi yako inayo kumbukumbu za klabu hii, na nyingine unazo wewe mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa mshambuliaji wa Levski, klabu kubwa ya Sofia, wakati Litex ilipowapita mara mbili mfululizo na kubeba ubingwa. Naandika hadharani, na kwa Kiswahili, ili wapenzi wa soka wa huku nao wayajue yaliyoupata mji ule. Jambo lililofanyika kwenu mwaka 2016, leseni ya Litex, yaani kibali cha kucheza ligi, kuhamishwa Lovech na kupelekwa Sofia, linafanyika hata kwetu, na watu wameanza kuliona la kawaida. Mimi silioni la kawaida.

Kama unajiuliza Mtanzania anatafuta nini Lovech, lawama mpeni Stoichkov, mshambuliaji wenu. Julai 1994, yeye na Letchkov walipoitoa Ujerumani kwa mabao 2-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Marekani, baadhi yetu tuliipenda Bulgaria na hatukuiacha tena. Tukaanza kutafuta matokeo ya ligi yenu popote yalipopatikana. Ndivyo tulivyokutana na jina la Lovech.

Nawaeleza kidogo wasomaji wangu. Lovech ni mji mdogo wa kaskazini mwa Bulgaria, kando ya mto Osam, wenye wakazi wasiofika 50,000. Timu ya mji ilianza mwaka 1921 kwa jina la Hisarya, na kwa miongo mingi ilikuwa timu ya madaraja ya chini ambayo nje ya mkoa wake hakuna aliyeijali. Mwaka 1990 ikaitwa LEX, mwaka 1994 ikapanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, na baada ya misimu miwili ikashuka. Mwaka 1996 mfanyabiashara Grisha Ganchev akainunua na kuipa jina la kampuni yake, Litex. Wakati ule nadhani hakuna aliyeona tatizo. Mji mdogo umepata tajiri, tajiri analipa mishahara, nani ataanza kuuliza habari ya jina?

Kilichofuata bado kinanisisimua. Litex ilipanda daraja mwaka 1997, na msimu huo wa kwanza tu, chini ya kocha Dimitar Dimitrov, ikatwaa ubingwa wa nchi. Timu iliyotoka kupanda ilikuwa haijawahi kufanya hivyo katika historia ya soka lenu. Levski na CSKA, wakubwa wa Sofia waliozoea kupokezana kombe, wakaachwa nyuma na timu ya mji ambao uwanja wake unachukua watu kama 8,000 hivi. Wengi wakasema ni bahati. Mwaka 1999 Litex ikabeba tena. Halafu ikabeba 2010 na 2011, na katikati yake ikachukua Kombe la Bulgaria mara nne: 2001, 2004, 2008 na 2009. Mataji manane makubwa katika miaka 14. Mji wa Razgrad na timu yao ya Ludogorets, walioanza kutawala mwaka 2012 wakiwa nao ndio kwanza wamepanda, walipita njia iliyokwisha kufyekwa na Lovech.

Ulaya haikuwa rahisi kwao. Mwaka 1998 waliitoa Halmstad ya Sweden katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa, kisha Spartak Moscow ikawafunga 5-0 nyumbani na 6-2 ugenini. Walirudi kujaribu tena na tena, na msimu wa 2005/06 wakavuka hatua ya makundi ya Kombe la UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kabla ya kutolewa na Strasbourg. Svetoslav Todorov alitoka Lovech kwenda West Ham mwaka 2001, na msimu wa 2002/03 akafunga mabao 26 ya ligi akiwa na Portsmouth iliyopanda Ligi Kuu ya Uingereza. Ivelin Popov alichezea pale kabla ya kuja kuwa nahodha wa taifa. Stoichkov mwenyewe alikwenda kuifundisha mwaka 2012, na siku nilipopata habari hiyo nilifurahi kana kwamba amekuja kufundisha Morogoro.

Sisemi Ganchev aliitendea Lovech mabaya tangu mwanzo. Bila fedha zake hakuna taji hata moja kati ya hayo, na asiyesema hivyo hasemi kweli. Mwaka 2012 kampuni yake ilifungua hata kiwanda cha kuunganisha magari ya Great Wall katika kijiji cha Bahovitsa, jirani na mji. Lakini mambo mengi ya mji yakawa yameshikwa na mkono wa mtu mmoja, na shirikisho, ambalo kazi yake ni kutazama mbele zaidi ya tajiri na zaidi ya shabiki, halikuweka kinga yoyote ya siku mkono huo utakapoachia.

Siku hiyo ilianza kusogea tarehe 12 Desemba 2015, Litex ilipocheza na Levski. Mwamuzi akatoa kadi nyekundu, kisha nyekundu nyingine pamoja na penalti kwa Levski, na kabla ya mapumziko Litex ikatoka uwanjani kwa kugoma. Silitetei tendo hilo. Timu haiachi mechi, hata mwamuzi akiwa amekosea vibaya namna gani, kwa sababu siku tukiruhusu hilo hakuna mechi ngumu itakayofika dakika ya 90. Shirikisho likaiondoa Litex Ligi Kuu katikati ya msimu. Ligi iliyoanza na timu 10 ikaisha na timu 9, na wachezaji wa Litex wakamalizia msimu daraja la pili, ilikokuwa timu yao ya akiba.

Mpaka hapo naweza kuielewa adhabu. Kilichofuata ndicho ninachokiandikia barua.

CSKA, klabu yenye mataji mengi kuliko wote enzi hizo, ilikuwa imenyimwa leseni mwaka 2015 kwa sababu ya madeni na kutupwa daraja la tatu. Ganchev alikuwa ameichukua. Timu ile ikafanya maajabu yake, ikatwaa Kombe la Bulgaria mwaka 2016 ikitokea daraja la tatu, na mashabiki wake walikuwa na kila haki ya kutamani irudi juu. Ila badala ya kupanda ngazi kwa ngazi, kiangazi hicho leseni ya Litex ilibebwa Lovech mpaka Sofia kama godoro la mtu anayehama nyumba. Kampuni ile ile iliyoendesha timu ya Litex, iliyofukuzwa Ligi Kuu katikati ya msimu, ikapokelewa tena Ligi Kuu kabla mwaka haujaisha, ikiitwa CSKA-Sofia. Wachezaji wakahama nayo, akiwemo Kiril Despodov, kijana aliyeanza soka la wakubwa Lovech akiwa bado mtoto wa shule.

Ndugu Rais, tazama adhabu iliangukia wapi. Mmiliki hakubaki chini. Chombo cha kisheria kilichofanya kosa hakikubaki chini. Waliobaki chini ni watu wa Lovech, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeamuru timu itoke uwanjani. Wao walilazimika kuanza upya madaraja ya chini na timu iliyoundwa kwa haraka. Na jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kilichoachwa pale ni jina la kampuni. Kilichoondoka ni timu.

Hata soka la nchi nzima lilivurugika. Msimu wa 2016/17 CSKA-Sofia ilishika nafasi ya pili, lakini UEFA haikuipa nafasi Ulaya, kwa kuwa kanuni zake zinataka klabu iwe na angalau miaka mitatu ya mfululizo bila mabadiliko ya aina ile. Dunav ya Ruse, iliyomaliza ya nne, ndiyo iliyokwenda. Baadhi ya mashabiki wa CSKA nao waliikataa njia hiyo, wakaanzisha klabu yao ya CSKA 1948. Kwa hiyo hata wale walionufaika hawakukubaliana kwamba wamenufaika kwa haki.

Wasomaji wangu wa Tanzania watanielewa haraka. Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, timu ambayo wananchi waliishangilia ikipanda Ligi Kuu, ilihamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Singida wana haki ya kuwa na timu, tena wanaipenda. Lakini Mbarali nani aliwauliza? Haya si mambo ya Wabulgaria peke yao, ndiyo maana nataka ninyi mliopitia makubwa zaidi mtangulie kuyarekebisha.

Wewe hukuwa na kiti hicho mwaka 2015 wala 2016; uongozi wako ulianza 2024. Hilo linakupa nafasi ambayo waliotangulia hawakuwa nayo, kwa kuwa huna uamuzi wa zamani wa kuulinda. Nakuomba kwanza shirikisho litamke rasmi, kwa maandishi yasiyo na utata, kwamba ubingwa wa 1998, 1999, 2010 na 2011 pamoja na yale makombe manne ni urithi wa mji wa Lovech na timu inayocheza Lovech, bila kujali hati za kampuni ziko kwenye droo ya nani. Kuna wazee pale waliokuwa uwanjani miaka hiyo yote. Wasiachwe wabishane na mawakili kuhusu kumbukumbu zao.

La pili ni zito zaidi, nalo ni kanuni. Leseni ya kucheza daraja fulani ifungwe kwenye mji ulioipata. Mmiliki akitaka timu nyingine mahali pengine, aende na fedha zake, aache nafasi. Na nafasi ikikosa wa kuilipia, apewe aliyeshinda uwanjani daraja la chini. Kanuni ya UEFA ya miaka mitatu haitoshi, maana inazuia safari ya Ulaya tu na kuiacha ligi ya nyumbani wazi. Manispaa nayo, au chama cha mashabiki kilichosajiliwa, iwe na kura moja isiyonunulika juu ya jina, rangi na makao ya klabu. Kura hiyo haitampunguzia tajiri chochote katika kusajili wala kuuza wachezaji. Itamzuia kuhama na mji wa watu.

Na timu ikigoma mechi, waadhibiwe waliotoa amri. Wafungiwe kushiriki soka popote, kwa klabu yoyote watakayoinunua baadaye, mpaka adhabu iishe. Kama kanuni hiyo ingekuwepo Desemba 2015, yaliyotokea kiangazi cha 2016 yasingewezekana.

Naomba mambo haya yafikishwe mbele ya Kamati ya Utendaji, na siku yatakapojadiliwa wawakilishi wa Lovech waitwe Sofia wasikilizwe wao wenyewe.

Wako katika mpira,
Shabiki wa soka, Morogoro